Je, Wajua? Piga Huku, Piga Kule: Kitenzi Kimoja Kutoka Mlima wa Bisie

Je, wajua kwamba mchimbaji wa Walikale, mashariki mwa Kongo, anaweza kuimaliza siku yake yote kwa kitenzi kimoja? Asubuhi anapiga nyundo, mchana anapiga hesabu za viroba, jioni anapiga simu Goma, usiku anapiga usingizi. Kazi nne, na kilichogongwa ni jiwe tu! Sogea hapa, msomaji, leo tunakipiga darubini kitenzi "piga".

Je, wajua Walikale ilivyo kubwa? Ina kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya jirani yake Masisi, na inaikaribia Rwanda nzima. Humo ndani, katikati ya msitu, ndimo ulimo mlima wa Bisie.

Je, wajua jiwe la Bisie linaitwaje? Ni kasiteriti, na likiwa safi karibu asilimia 79 ya uzito wake ni bati. Ni zito karibu mara saba ya maji: ndoo ya lita 20 ikijaa kasiteriti tupu bila nafasi ingekaribia kilo 140. Hebu jaribu kujitwisha!

Je, wajua kwamba katika kila kilo 100 za mwamba wa Bisie, kilo 4 na nusu hivi ni bati? Unaona ni kidogo? Migodi mingi duniani haifikishi hata kilo 1! Mwaka 2024 mgodi wa kampuni ya Alphamin hapo Bisie ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, yaani karibu tani 6 katika kila tani 100 zilizochimbwa ulimwenguni.

Je, wajua kwamba kabla ya barabara kufika, mzigo ulitoka Bisie kwa mgongo wa binadamu? Wapagazi walipiga mguu zaidi ya kilomita 40 za njia ya msituni, siku mbili, na gunia la kilo 50 begani. Kupiga mguu, ndugu yangu, si kuupiga teke mguu wa mwenzako. Ni kutembea tu!

Je, wajua ndege za kubeba madini ya Walikale zilitua wapi? Juu ya barabara ya lami, pale Kilambo! Ndege ikikaribia, magari yanapiga breki, inashuka, inapakia, inapaa, kisha safari za magari zinaendelea. Rubani na dereva, njia moja!

Mkono haumo

Je, wajua kwamba kupiga hodi hakuhitaji mkono? Mlango unaweza kuwa wazi kabisa, au usiwepo, na bado ukapiga hodi kwa mdomo wako. Anayegonga bila kusema neno, huyo hajapiga hodi bado.

Je, wajua kwamba herufi tatu tu zinatenganisha adhabu na heshima? Ukipigwa kofi, shavu linawaka. Ukipigiwa makofi, unainama kwa furaha. Ongeza "i" na "ma", maisha yamebadilika!

Je, wajua kwamba aliyepiga maji huenda hajagusa tone la maji? Kupiga maji ni kulewa. Na aliyepiga mbizi, ambaye maji yamemfunika hadi utosini, haambiwi kwamba amepiga maji. Kiswahili kina utani!

Je, wajua kwamba mtoto hupiga miayo tumboni mwa mama yake, kabla hajaliona jua? Picha za mawimbi ya sauti zimewanasa watoto wakifanya hivyo. Na miayo huambukiza: kuisoma tu kunatosha kuileta. Haya, sema kweli, umeshapiga mmoja?

Je, wajua kwamba pasi haipigi nguo hata kidogo? Inateleza juu yake taratibu. Mswaki nao unasugua tu. Lakini jaribu kusema "nimeteleza pasi" uone watakavyokucheka.

Je, wajua kwamba ala yoyote Kiswahili huipiga? Ngoma tunapiga, sawa. Gita tunalikwaruza kwa vidole, filimbi tunaipuliza, zeze tunalisugua kwa uta, na zote bado tunazipiga!

Je, wajua kwamba gorila mkubwa kuliko wote duniani, gorila wa Grauer, haishi popote ila mashariki mwa Kongo, na misitu ya Walikale ni mojawapo ya makao yake? Akipiga kifua, mshindo husikika hadi kilomita moja hivi. Binadamu naye hupiga kifua anapojisifu, ila wake haufiki hata nyumba ya jirani.

Je, wajua kwamba neno moja linaweza kukuokoa na jela? Mwambie askari wa hifadhi, "Nimempiga gorila," utafungwa pingu. Malizia upesi: "picha!" Sasa wewe ni mtalii, karibu sana.

Simu, debe na bati

Je, wajua kwamba zamani simu ilipigwa kweli? Neno "simu" lilikuwa la telegrafu kabla ya kuwa la chombo cha kuongelea, na asili yake ni Kiajemi, lenye maana ya waya. Waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879, na mtu wa telegrafu aliketi akigonga kitufe, ta-ta-ta, ujumbe unakwenda. Leo tunagusa kioo tu, kitenzi kimebaki!

Je, wajua kwamba simu huanza kwa kipigo na kuisha kwa kisu? Unaipiga, mnaongea, kisha unaikata. Hakuna damu, na muda wa maongezi umekwisha.

Je, wajua kwamba huwezi kupiga simu bila bati? Karibu nusu ya bati lote la dunia huenda kwenye lehemu, ile gundi ya metali inayoshikanisha vipande vidogo ndani ya simu, redio na kompyuta. Iangalie simu yako vizuri. Huenda chembe ya Bisie imo humo!

Je, wajua kwamba bati la paa kwa kawaida halina bati? Lile ni chuma kilichopakwa zinki. Wakongo wengi huliita manjanja, na mvua ikilipiga usiku, hata redio huisikii.

Je, wajua mpiga debe wa kituo cha basi amerithi jina kutoka kwenye kopo? Debe la mafuta ya taa lilibeba galoni nne, lita 18 hivi, nalo lilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa utando mwembamba wa bati. Lipige, mtaa mzima unageuka! Siku hizi wanasiasa nao hupigiwa debe, na debe lenyewe halionekani.

Je, wajua kwamba kopo la chakula lilitangulia kifungulio chake kwa zaidi ya miaka 40? Peter Durand alipata hataza ya kopo huko London mwaka 1810. Vifungulio vya maana vilikuja miaka ya 1850. Kabla ya hapo wenye njaa walipiga tindo na nyundo, vifaa vilevile vya mchimbaji wa Walikale!

Je, wajua kwamba bati safi hupiga kelele? Chukua kipande, kikunje, utasikia mlio mkavu wa fuwele zake zikijipanga upya ndani. Wanasayansi wanauita kilio cha bati, na hawatanii.

Je, wajua kwamba bati huyeyuka kwenye nyuzi joto 232 tu? Chuma kinadai zaidi ya 1,500! Jiko la mkaa la mama yako linaliweza bati. Usijaribu, lakini.

Je, wajua nani bingwa wa sura nyingi kati ya elementi zote? Ni bati! Lina isotopu 10 thabiti, na hakuna elementi nyingine duniani iliyofikisha idadi hiyo. Madini yenye sura nyingi kuliko yote, yanachimbwa na watu wenye kitenzi chenye sura nyingi. Bahati hiyo!

Waingereza nao wana yao

Je, wajua kwamba kitenzi cha Kiingereza "run" kina maana 645? Ndivyo wahariri wa kamusi ya Oxford walivyohesabu, na mmoja wao, Peter Gilliver, alikaa na neno hilo moja kwa miezi tisa. Miezi tisa! Wengine wanapata mtoto.

Je, wajua kwamba katika kamusi yake ya mwaka 1755, Samuel Johnson alikipa kitenzi "take" maana 134? Ingizo hilo moja lilikula kurasa tano hivi. Alikiri pia kwamba vitenzi vya maneno mawili vya lugha yake ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko vyote. Kama ulifeli somo la Kiingereza, jifariji!

Je, wajua "take off" inafanya kazi ngapi? Ndege ikipaa, ni hiyo. Ukivua kofia, ni hiyo. Ukitimka mbio, biashara yako ikishika kasi, ukimwiga mwalimu kwa mzaha: hiyo hiyo! Kiswahili kinatumia kitenzi tofauti kwa kila moja, na wala hakilalamiki.

Je, wajua kwamba vitenzi hivyo vya Kiingereza vilikuwepo karne nyingi kabla ya kupata jina linalotumika leo shuleni, "phrasal verbs"? Jina hilo lilienea kupitia kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925, naye alisema amelipata kwa Henry Bradley wa kamusi ya Oxford. Watu walikuwa wakivitumia tu, bila kujua vinaitwaje. Kama wewe na "piga"!

Sasa geuza kibao. Mwingereza anayejifunza Kiswahili anakuta kupiga kambi, kupiga mnada, kupiga rangi, kupiga foleni, kupiga chuku na kupiga marufuku. Kwao kila moja ina kitenzi chake. Nani anamtesa nani?

Pigo lisilo na fimbo

Je, wajua kwamba Septemba 2010 nyundo za Bisie ziliamriwa kunyamaza kwa neno tu? Rais Joseph Kabila, akiwa Walikale, alipiga marufuku uchimbaji wa madini katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Marufuku ilidumu hadi Machi 2011. Neno halina fimbo, lakini mifuko iliuma!

Je, wajua kwamba Bisie ikikohoa, London inasikia? Machi 2025 vita vya mashariki mwa Kongo viliposogea karibu, kampuni ya mgodi ilisimamisha kazi, na bei ya bati katika soko la metali la London ikapanda papo hapo. Aprili kazi ikaanza kurudi. Mlima mmoja wa msituni!

Je, wajua kwamba Masisi ni miongoni mwa mahali panapopigwa na radi zaidi duniani? Watafiti waliotumia setilaiti waliipa Sake, mji wa Masisi, mimweko 143 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kabare, Kivu Kusini, ilipata 205 na kuongoza Afrika nzima. Ukisikia ngurumo, ingia ndani, usipige soga chini ya mti.

Je, wajua kwamba unaweza kupiga kura kwa kusimama tu? Kenya, mwaka 1988, wapigakura wa uteuzi wa chama cha KANU walijipanga nyuma ya mgombea wao wakahesabiwa. Mlolongo ndio ulikuwa kura! Kongo nayo, Desemba 2018, watu walipiga kura kwa kugusa kioo cha mashine, kisha karatasi ikatoka. Kitenzi kile kile.

Je, wajua kwamba Tanzania ina cheo rasmi kilichojengwa juu ya "piga"? Ni Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Usiogope, hachapi mtu. Anachapa nyaraka.

Je, wajua kwamba TP Mazembe ya Lubumbashi ndiyo klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu? Ilikuwa Desemba 2010, na Inter Milan wakawapiga 3-0. Lakini mashindano hayo yaliuachia ulimwengu kipa Robert Kidiaba, aliyeshangilia kwa kurukaruka uwanjani kwa makalio. Hilo hata "piga" haliwezi kulieleza!

Je, wajua kwamba mtu anaweza "kupigwa" Dar es Salaam na asipate hata alama? Akisema "nimepigwa", mwangalie mfukoni, si usoni: ametapeliwa. Na anayekula fedha za umma ni "mpigaji", kazi yake ni "upigaji". Hapo neno la kuisindikiza "piga" halihitajiki tena, kila mtu ameelewa.

Je, wajua kwamba moyo wako unapiga mara 100,000 hivi kwa siku? Hayo ndiyo mapigo ya moyo. Ndugu zake ni pigo, kipigo, mapigano na mpiganaji, wote watoto wa kitenzi kimoja. Na ukijikaza mbele ya hatari, unaupiga moyo konde, kana kwamba haujapiga vya kutosha!

Je, wajua kwamba Walikale imeipa dunia utenzi mkubwa? Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga, Candi Rureke, alisimulia, akaimba na kucheza hadithi ya shujaa Mwindo kwa siku 12, huku vijana wakimpigia mdundo kwa vijiti. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliichapisha mwaka 1969. Siku 12! Wewe filamu ya saa mbili inakupigisha miayo.

Wapinzani wa "piga"

Je, wajua kwamba "kula" nayo inafukuzia taji? Unakula kiapo, unakula njama, unakula hasara, na tumbo bado tupu. Aliyekula chumvi nyingi hajaugua shinikizo la damu. Amezeeka tu!

Je, wajua kwamba "kata" haina haja ya kisu? Unakata tiketi, unakata kiu, unakata rufaa, unakata kona. Na wacheza rumba wakikatika viuno, hakuna anayeita daktari.

Je, wajua kwamba Kivu Kusini kitenzi cha Kiswahili kimevaa mkia wa Kifaransa? Huko Kamituga, kwenye dhahabu, wanawake wanaotwanga mawe kwenye kinu huitwa mama twangaise. Kutwanga ni yetu, mkia ni wa Paris! Na Dar es Salaam ukiambiwa "nitwangie", usilete kinu, lete simu.

Je, wajua kwamba katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba? Na mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, heshima ambayo lugha nyingine ya Afrika haikuwa imeipata kabla yake. Siku hiyo, piga vigelegele!

Na la mwisho, kabla hujaondoka. Je, wajua kwamba "nipigie" imeshaimeza simu yote? Ukimwambia mtu "nipigie baadaye", haulizi kama ni pasi, ni picha au ni muhuri. Ukibisha, kaa leo hadi jioni uhesabu umesema "piga" mara ngapi. Ukifika 20, nibipu tu, nitakupigia!